Mpunga wa Bibi Emerensiana

Katika Katindiuka nzima, kuanzia barabarani mpaka kule bondeni ambako maji hayakauki upesi, hakuna aliyewahi kupika uji kama Emerensiana. Mwenyewe alilisema hilo bila haya, mwiko mkononi, kwa kila aliyepita karibu na jiko la kituo cha watoto. "Waulize hao," alisema, akiwanyooshea mwiko watoto waliopanga foleni na vikombe vyao vya plastiki. "Umeona nani anabakisha?" Halafu, kabla hujapata nafasi ya kumsifu, akamalizia mwenyewe: "Ila hao hata ukiwapa maji niliyosuuzia sufuria watamaliza. Wametoka nyumbani tumbo tupu, watachagua nini?"

Kituo chenyewe kilikuwa banda refu la bati kando ya shule ya msingi. Asubuhi uji, mchana wali na maharage, na vipindi vikiisha, mwalimu wa zamu anakaa na wale ambao kusoma kumewapita kushoto. Ukiuliza kwa nini watoto wa bonde lenye mpunga wote huu wanahitaji kupikiwa na kituo, basi wewe hujawahi kukaa Kilombero wakati mpunga unachanua. Ndege wanakuja kama wingu. Wazazi wanahama, wanakwenda kukaa mashambani, huko Mngeta na mbele zaidi, mpaka mavuno. Mtoto anachukuliwa akapande dungu, lile jukwaa la miti la kuamia ndege, apige kelele tangu jua halijatoka. Au anaachwa mjini peke yake, na sufuria, na mchele kidogo, na ufunguo.

Sikitu alikuwa wa ufunguo. Binti wa darasa la tatu, mwembamba, ufunguo unaning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Teddy, yule dada wa ustawi wa jamii mwenye pikipiki na kofia kubwa kuliko kichwa, ndiye aliyemgundua. Mtoto alikuwa anajipikia, anajifungia, anajiamsha. Teddy akampigia simu baba yake, na baba akaja. Tatizo ni kwamba alikuja kumchukua ampeleke kwenye dungu.

Baba huyo aliitwa Seni. Msukuma mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyekuja bondeni na ng'ombe wa baba yake na sasa alikuwa anajua mpunga kuliko ng'ombe. Alisimama mlangoni mwa jiko la kituo, kofia mkononi.

"Baba Sikitu, mtoto ana haki ya kusoma," Teddy alisema.

"Nani kamnyima? Mpunga ukiisha atarudi."

"Mwaka jana ulisema hivyo hivyo, na hajui kusoma mpaka leo. Tuna walezi wa msimu. Anakaa kwa mtu tuliyemkagua, anakula, anasoma, nyie mkimaliza mnamchukua. Hulipi kitu."

"Dada," Seni alisema polepole, "mimi sijafa. Mama yake hajafa. Mwanangu si yatima wa kulelewa na kituo."

Hapo ndipo Emerensiana alipoona kwamba Teddy amefika ukutani. Yule mwanamume hakuwa mbaya. Alikuwa na aibu tu, na mtu mwenye aibu ukimwonyesha sheria anazidi kukunja uso. Na Sikitu amekaa kwenye benchi, ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili, anatazama chini kama anayesubiri kuhukumiwa kwa kosa la mwingine.

Emerensiana akashika kiuno ghafla. Akatoka jikoni akichechemea.

"Shikamoo, mayu," Seni alimwamkia. Mayu ndiyo mama, kwa Kisukuma.

"Marahaba, mwanangu. Afadhali nimekuona. Mimi nina shida, na hawa wa ofisini hawanisaidii." Teddy akageuka kumtazama. "Jaruba langu la bondeni limeanza kuchanua, na ndege wa mwaka huu ni kama wamepelekewa kadi ya mwaliko. Miguu hii haipandi dungu tena. Wajukuu zangu wako Dar es Salaam, wanaamia simu. Niazime huyu binti. Asubuhi aende zake shule, kuna jirani atanishikia zamu. Mchana akitoka apande dungu, jioni ale wali wangu alale. Nikivuna, unamchukua mtoto wako."

Seni akanyanyuka mabega. Kumbe anaombwa! Kukataa msaada wa kituo aliweza, ila kumkatalia bibi kizee mwenye kiuno kibovu, mpunga wake ukiliwa na ndege, angeenda kusema nini kwao?

"Umepanda mbegu gani, mayu?"

"Shingo ya Mwali," Emerensiana alijibu upesi.

"Mbegu nzuri hiyo. Basi mchukue. Anajua kutupa kombeo, huyu. Na sauti anayo."

Akampapasa mwanawe kichwani, akaondoka. Pikipiki yake ilipokata kona, kiuno cha Emerensiana kikapona.

"Bibi," Teddy alisema, "jaruba gani?"

Maana Katindiuka yote ilijua. Jaruba la Emerensiana lilikwenda na mto Lumemo ulipofurika. Palipokuwa mpunga palibaki mchanga wa kuzama mpaka kifundoni.

"Wewe ni mtu wa serikali," Emerensiana alimjibu. "Usiulize kitu ambacho itabidi ukiandike."

Teddy akavaa lile likofia lake. "Nyumba nitakuja kuikagua kama za wengine wote. Hilo jaruba sijalisikia."

Na kweli alikuja. Akatazama kitanda, chandarua, choo, kitasa cha mlango. Akauliza nani mwingine analala humo ndani. "Mimi na kuku mmoja," Emerensiana alisema. "Na kuku ndiye anayekoroma." Teddy akamuuliza Sikitu peke yake nje, taratibu, kama anataka kukaa hapo. Sikitu akatikisa kichwa kukubali, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ufunguo.

Ufunguo huo hakuuvua. Alilala nao, alioga nao. Nyumba ya Emerensiana mlango ulifungwa kwa komeo la mti tu, lakini mtoto alitembea na ufunguo wa chumba kingine kitupu kana kwamba wakati wowote ataambiwa haya, nenda zako. Emerensiana hakumwambia auvue. Alimwonyesha msumari kando ya mlango, akasema, "Huu ni wa kutundikia vitu vizito," akaenda zake kuchambua mchele.

Mara nyingi alfajiri mtoto alikurupuka usingizini akipiga kelele: "Haaa! Haaa!" Mikono inatupa kombeo lisilokuwepo. Alianza kupanda dungu akiwa mdogo wa kubebwa, na ndege walikuwa wamemwingia mpaka ndotoni. Emerensiana alimshika mabega. "Wamekwenda, mama. Wamekwenda wote. Hawa waliobaki ni kunguru, na kunguru hali mpunga wa mtu asiye na mpunga." Mtoto akacheka akiwa bado amefumba macho.

Mchana, badala ya kupanda dungu, Sikitu alikaa kituoni na mwalimu wa zamu. Mwanzoni aliziunga herufi kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, anapima, anarudi nyuma. Jioni alimsomea Emerensiana aliyekuwa anapepeta mchele, na Emerensiana, ambaye alimaliza shule ya msingi enzi za kuchapwa fimbo na kusema asante, alimsikiliza bila kumsaidia hata pale ulimi ulipomwasha.

Halafu siku moja mawe yakaisha, mtoto akawa anakimbia nchi kavu. Hapo ndipo adha ilipoanza. Alisoma pakiti ya chumvi. Alisoma kiberiti. Alisoma ubavu wa kila gari lililopita, na kwa sauti. Kanisani, wakati wa ukimya baada ya komunyo, alisoma jina la kiwanda kwenye spika, na waumini wa benchi la mbele wote wakageuka.

"Wewe mtoto," Emerensiana alimwambia wakirudi nyumbani, "huwezi kuona maandishi ukapita kimya?"

"Bibi, macho yanasoma yenyewe."

Jioni hiyo ufunguo ulikuwa kwenye msumari. Emerensiana aliuona akasonya, akajifanya moshi umemwingia machoni, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

Ndipo Seni akapiga simu.

"Mayu, sisi huku tumemaliza. Jumamosi nakuja na vijana wetu kukuvunia."

"Kunivunia nini?"

"Mpunga wako! Baba yangu alitufundisha, mtu akikulishia mtoto, huendi kumchukua mikono mitupu. Vijana wanakuja na miundu yao, siku moja tunamaliza. Halafu nitaondoka na Sikitu. Shangazi yake wa Masagati amejifungua pacha, anataka mtoto wa kumshikia mtoto."

Emerensiana akakaa juu ya kinu. Masagati, kule mbele ya Mlimba. Mtoto wa kike akienda huko kushika pacha, pacha watakua, watakuja wengine, na siku atakaporudi atakuwa amebeba wake.

"Mbona haraka hivyo? Ngoja basi kwanza…"

"Si ulisema ukivuna nimchukue?"

Alisema. Kwa mdomo wake mwenyewe, tena akiwa ameshika kiuno. Na kumwambia Seni ukweli kwenye simu, kwamba hapakuwa na mpunga, hapakuwa na dungu, kwamba alichezewa kama mtoto mdogo mbele ya dada wa ofisini? Angekuja usiku ule ule kumbeba binti yake, na asingekanyaga Katindiuka tena. Hapana. Emerensiana alihitaji shamba, na alilihitaji kabla ya Jumamosi. Akipata siku nzima ya kukaa na Seni, akamlisha, akamchangamsha, huenda angepata njia ya kumwomba.

Akajifunga khanga, akaenda kwa Antoni.

Antoni alikuwa jirani yake tangu utoto, mjane sasa, bahili wa kujulikana. Mpunga wake ulikuwa umeiva mpaka umeinama, na yeye alikuwa bado anabishana na vibarua.

"Antoni, ungependa kuvuniwa bure?"

"Na nani? Malaika?"

"Wasukuma."

Antoni akakohoa. "Sharti?"

"Jumamosi, siku hiyo moja tu, shamba liwe langu."

Antoni akamtazama kwa muda mrefu, jicho moja limefumba. "Emerensiana. Ujanani ulinikataa, ukasema huoni faida ya shamba langu."

"Leo nimelikubali shamba. Mwenyewe bado namfikiria."

Jumamosi kirikuu ikaingia ikiwa imejaa vijana, wanaimba tangu barabara kuu, miundu imefungwa kwa matambara. Nyuma yake Seni kwenye pikipiki. Kwenye keria alikuwa amefunga kigodoro cha sponji kwa kamba za mpira, ili safari ya Masagati isimuumize mwanawe. Emerensiana alikiona kigodoro kile kabla hajaona kitu kingine chochote. Baba anayefunga kigodoro hana ubaya. Ndiyo maana ilikuwa vigumu.

"Mwangaluka, mayu!" Seni akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, wala michembe ya viazi! Karibuni!" Emerensiana akawatania.

"Tumekuja kwa wala kambale, tunaogopa miiba tu," kijana mmoja akajibu kutoka juu ya kirikuu, wakacheka.

Sikitu akatoka mbio. "Baba! Shikamoo, baba!"

Seni akamwitikia, akamshika kichwa, halafu akatulia. Mtoto aliyeamia ndege msimu mzima huwa sauti imekwaruza kama chombo cha bati, na kiganja kina sugu ya kombeo. Hii sauti ilikuwa inalia kama kengele. Akageuza kiganja cha mwanawe, akakitazama, akakiachia.

"Sauti imebaki nzima," alisema.

"Nilimpa asali," Emerensiana akasema.

Wakaenda bondeni, kirikuu na pikipiki vikaegeshwa ukingoni mwa shamba. Vijana wakajipanga mstari, wimbo ukaanza, miundu ikafuata wimbo. Antoni alikuwa ameshafika, amevaa shati la kutokea, anazunguka kama mwenye harusi.

"Mzee, wewe nani hapa?" wakamuuliza.

"Mimi? Aa… namwangalizia tu dada yangu." Alisema hivyo kama aliyemeza mwiba, maana kijana mmoja alikuwa anakanyaga masuke. "Lakini wee! Inua mguu! Dada yangu hapendi mpunga wake ukanyagwe!"

"Mbona dada yako kanyamaza, unapiga kelele wewe?"

"Yeye anaumia kimoyomoyo."

Seni akakata shuke, akalisugua kiganjani, akanusa. "Mayu, hii mbegu inanukia Supa."

"Udongo wetu huo," Emerensiana akasema. "Hata ukipanda mahindi yananukia Supa."

Seni akaendelea kukata.

Wakala wali na kambale, wakatandika turubai, wakapiga mpunga mpaka makapi yakawapaka wote rangi moja. Lundo likapanda. Sasa Antoni, ambaye hakuwahi kuona mpunga wake ukimalizwa siku moja tena bila kutoa hata shilingi, furaha ikamzidi. Akasahau kwamba shamba si lake. Akakimbia nyumbani kwake, akarudi na magunia begani, akayamwaga pale mbele ya watu wote.

Emerensiana aliyaona. Rangi ya kijani, herufi kubwa. Na Sikitu alikuwa anakuja na ndoo ya maji ya kunywa.

"Sikitu! Hebu rudi ukaniletee chumvi!"

"Chumvi ya nini, bibi, wameshakula," mtoto akasema, na macho yakasoma yenyewe. "MALI YA ANTONI. KATINDIUKA. MWIZI UTAVIMBA TUMBO."

Wimbo ukakatika. Kijana mmoja akacheka, akaona hakuna anayemfuata, akaacha. Sikitu akaziba mdomo kwa mikono miwili. Ndoo ikaanguka, maji yakaingia kwenye makapi.

Seni akaja polepole. Akachuchumaa karibu na mwanawe. Akaonyesha gunia la pili kwa ncha ya mundu.

"Na hili?"

Sikitu akamtazama bibi yake. Emerensiana alikuwa anatazama mawingu.

"Soma, mama. Sikugombezi."

"Mali ya Antoni," mtoto akasoma, sauti imeshuka. "Katindiuka. Mwizi utavimba tumbo."

"Na hili?"

Hili rangi yake ilikuwa imefifia, herufi nyingine zimekwenda na mvua. Mtoto akapitisha kidole, akaunga, akajaza palipokosekana, akafika mwisho. Seni akamsikiliza mpaka mwisho, anatikisa kichwa kana kwamba maneno yalikuwa mapya.

"Nani kakufundisha?"

"Mwalimu wa kituo. Na bibi ananisikiliza akipepeta mchele."

Seni akasema kwa sauti ya kumfikia mwanawe tu, ingawa Emerensiana, ambaye masikio yake hayakuwa na uzee wowote, alisikia: "Mimi magunia yangu nachora ng'ombe. Pale mashineni kuna mwingine naye anachora ng'ombe. Mwaka jana nilirudi nyumbani na pumba zake." Akachukua gunia tupu lisilo na maandishi, akatafuta kipande cha mkaa pale palipopikiwa. "Unaweza kuandika Seni?"

Sikitu akapiga magoti. Akaandika, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Seni akainama akatazama zile alama nyeusi muda mrefu.

"Ndiyo mimi huyu?"

"Ndiyo wewe, baba."

Akalikunja lile gunia vizuri, kama mtu anavyokunja suti, akaliweka kwapani. Akasimama, akaenda kwenye pikipiki, akaanza kufungua kamba za mpira. "Shangazi yako atatafuta mwingine," alisema. "Hiki kigodoro kalalie huku."

Sasa Emerensiana hayo hakuyaona, na kule pikipiki ilikoegeshwa sauti haikumfikia. Alipomwona Seni anasimama na kuiendea pikipiki alijua tu kwamba anaondoka na mtoto, akageuka upande kupanga maneno. Vijana walikuwa wanamtazama Seni na kutabasamu, Sikitu ameshakumbatia kigodoro, uso haumtoshi kwa furaha. Yeye akavuta pumzi, akashika kiuno, akamfuata Seni akichechemea.

"Mwanangu Seni, usije ukafikiri vibaya. Hilo la Antoni nilikuwa sijakueleza. Antoni ndilo jina langu la kipaimara."

Seni akashika kamba mkononi, midomo inamcheza.

"Emerensiana," Antoni akasema kutoka juu ya lundo la mpunga, mdomo umejaa ukoko wa wali, "kipaimara tulipata siku moja. Nilisimama nyuma yako. Wewe ni Sesilia."